Utando

Mtu ashukaye kutoka milima ya Umatengo, akaiacha Mbinga nyuma yake pamoja na mashamba ya kahawa na mashimo ya ngoro yaliyochimbwa miteremkoni, hufika Mbamba Bay akajiona kama amebadili nchi. Juu kuna ukungu na baridi. Chini kuna joto, mchanga na maji mapana. Zamani safari hiyo ilikuwa ya matope na mashaka. Sasa ni kilomita 66 za lami, na mgonjwa ambaye angebebwa kwa machela huweza kupanda gari. Kuanzia hapo ufuko huelekea kaskazini hadi Liuli na Lituhi, na mahali pengi pana mawe makubwa, mengine yako nchi kavu, mengine yamezama nusu.

Mawe hayo yana tabia mbili. Upande ulio mkavu mtu huukanyaga bila hofu. Upande ulio chini ya maji una utando mwembamba, wa kijani na kahawia, nao huteleza kama sabuni. Samaki wadogo wajulikanao kwa jina la mbuna hukwangua utando huo mchana kutwa kwa meno yao, wala hawaumalizi. Hakuna mvuvi ambaye hajaangushwa nao. Mvuvi hujua pia kwamba mtumbwi uachwao majini kwa muda mrefu hushikwa na utando uleule chini ya tumbo lake, ukawa mzito wa kwenda. Na kwamba dawa yake si kuusugua ukiwa umo majini, bali kuuvuta pwani ukauke juani.

Mzee mmoja wa ufuko huo, ambaye umri wake wote ulipita katika mtumbwi, alipatwa na maradhi yanayowapata wanaume wengi uzeeni. Tezi dume ilikua ikaubana mkondo wa mkojo, na usiku mmoja mkojo ukakataa kabisa kutoka. Alipelekwa hospitali akiwa anaumwa na tumbo kama mwenye uchungu wa kuzaa, akawekewa mpira, na kabla ya saa moja kwisha alikuwa amelala usingizi. Mtu aliyewahi kuiona nafuu ya namna hiyo hawezi kuusema mpira kwa ubaya. Kitu chenyewe ni kidogo: mrija laini wenye kiputo mwishoni, ambacho hujazwa maji ndani ya kibofu ili mrija usichomoke. Umbo hilo lilibuniwa na tabibu Mmarekani, Frederic Foley, nalo likaenea duniani tangu miaka ya 1930. Ni vigumu kuhesabu wazee waliookolewa nalo.

Aliambiwa mambo mawili: kwamba atahitaji kupasuliwa, na kwamba arudi baada ya wiki nne ili mpira ubadilishwe. Wiki nne zikaangukia msimu mzuri wa usipa. Mwanawe alikuwa ziwani kila usiku wa giza, nauli ikatumika kwa nyuzi za wavu, na mzee mwenyewe hakuona haja ya kwenda, kwa kuwa mkojo ulikuwa ukitoka. Wiki nane zikapita, kisha kumi na moja.

Nyumbani aliyemhudumia alikuwa mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na sita. Mke wa mwanawe hakuweza, maana kati ya mkwe na mkwe kuna heshima isiyoruhusu kuonana katika jambo kama hilo. Lakini babu na mjukuu ni watani, na utani hufunika aibu nyingi. Kijana alikuwa akimwaga mfuko asubuhi na jioni. "Babu, leo umevua maji matupu," alikuwa akisema, na mzee akimjibu, "Wewe hata maji huwezi kuyavua, unangoja ya kwangu." Kijana huyo alipigilia msumari ukutani, juu ya kitanda, akautundika mfuko hapo ili usiguse sakafu ya udongo wala usikanyagwe na mbuzi. Ulikuwa msumari wa mapenzi. Lakini maji hayajui mapenzi, hufuata mteremko. Mkojo uliokwisha kutoka mwilini, ukalala mfukoni siku nzima katika joto la ziwani, ulikuwa ukirudi kibofuni kila mfuko ulipotundikwa juu ya mgonjwa.

Hapa yafaa kuueleza mpira kwa namna ambayo mzee angeielewa mara moja, nayo ndiyo namna ambayo wataalamu wenyewe waliifuata. Mkanada J. William Costerton hakuanza kwa kuchungulia vitanda vya wagonjwa. Alianza kwa kutazama mawe katika vijito vya milimani. Aliona kwamba bakteria wanaoelea katika maji yapitayo ni wachache, na kwamba walio wengi wamekaa juu ya mawe, wamejifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe. Mwaka 1978 yeye na wenzake wawili waliandika makala iliyosomwa sana juu ya jinsi bakteria wanavyojigandisha. Kwa miaka karibu mia moja maabara zilikuwa zikiwafuga bakteria katika chupa za supu, waogelee mmoja mmoja, na dawa zikapimwa kwa hao waogeleaji. Kumbe katika ulimwengu wa kweli muogeleaji ni msafiri tu. Mwenyeji ni yule aliyejenga juu ya jiwe.

Si kwamba jambo hili halikuwahi kuonwa. Katika miaka ya 1680 Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek alikwangua ukoga wa meno akautazama kwa kioo chake, akaona vijidudu vingi vikichezacheza. Alikuwa akisukutua kwa siki, akastaajabu kwamba siki iliviua vile vilivyokuwa nje ya ukoga tu, na vya ndani vikabaki hai. Ukoga wa meno ndio utando ulio karibu nasi kuliko wote. Ilichukua karibu karne tatu kabla ya watu kuuliza kama kitu kama hicho hakiwezi kuwamo ndani ya mshipa.

Mwili ulio hai una ulinzi wake. Ngozi hujibambua, machozi huosha, kibofu chenye afya hujikamua mpaka tone la mwisho, na chembe nyeupe za damu humeza adui amwonaye. Lakini mpira hauna uhai. Haujibambui, hauna damu ndani yake, hauna askari. Mara tu uingiapo mshipani hupakwa protini za damu, na juu ya rangi hiyo bakteria hupata mahali pa kushika. Mganga Mmarekani, Anthony Gristina, aliandika mwaka 1987 kwamba kila kitu kigeni kitiwacho mwilini huwa na mashindano juu ya uso wake, baina ya chembe za mwili na bakteria. Atakayetangulia kufika ndiye atakayemiliki. Mwili ukitangulia, chuma hushikwa na nyama, kikawa kama mfupa mmoja wa mwenyewe. Bakteria wakitangulia, hujenga.

Jinsi kitu kigeni kinavyompunguzia adui gharama ilionyeshwa mapema zaidi. Mwaka 1957 huko Uingereza, Elek na Conen waliwachoma sindano ya stafilokoki watu waliojitolea. Ili pawepo usaha, walihitaji bakteria mamilioni. Kisha wakawatia uzi wa hariri, wa namna itumiwayo kushonea vidonda, pamoja na bakteria. Na hapo mamia machache tu yakatosha. Mtu akiitafakari habari hiyo ataona kwamba mpira, waya na chuma havihitaji kuwa vichafu sana ili vilete madhara. Uchafu ambao ngozi ingeuvumilia bila kujua huwa mwingi mno panapokuwa na jiwe la kukalia.

Basi hao bakteria hutoka wapi? Aghalabu hawatoki mbali. Yupo staphylococcus epidermidis, ambaye hukaa juu ya ngozi ya kila mtu, mzima kwa mgonjwa, wala hana ugomvi na yeyote. Sindano ya mshipani ipitapo katika ngozi humfungulia mlango, naye hufuata ukuta wa nje wa mrija mpaka ndani. Hii ndiyo njia yake kubwa siku za kwanza. Mrija ukikaa muda mrefu, njia nyingine huzidi: ni mdomo wa mrija, pale ambapo mikono huunganisha na kutenganisha, kila mara dawa inapotiwa. Katika mpira wa mkojo wenyeji ni wengine: E. coli wa matumbo yetu, klebsiela, na mmoja aitwaye proteus, ambaye ni mwashi. Proteus huigeuza urea ya mkojo kuwa amonia. Mkojo hupoteza ukali wake wa asidi, na chumvi zilizokuwa zimeyeyuka huganda zikawa kama chokaa. Ndivyo mpira unavyozibika. Imepimwa kwamba kwa kila siku mpira ukaapo, watu watatu hadi saba katika kila mia huanza kuwa na bakteria katika mkojo wao. Mwezi ukiisha ni nadra kumkuta asiye nao. Wengi hawadhuriki, wala hawastahili kupewa dawa kwa ajili hiyo peke yake. Madhara huja njia inapozibika, au utando unapobanduka ukaingia katika damu.

Mzee alianza kutetemeka alasiri moja, jua likiwa kali. Meno yaligongana, mablanketi mawili hayakumfaa, kisha homa ikapanda. Katika ufuko ule homa ya baridi ina jina moja tu, na jina hilo ni malaria. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuifikiria kwanza. Imewazika watoto wengi mno hapo. Kijana alikimbilia dukani akanunua dozi, mzee akaimeza siku tatu. Siku ya kwanza alipata nafuu, siku ya pili akazidiwa. Siku ya tatu kijana aliona jambo ambalo lingalimwambia mengi kama angalijua kulisoma: mfuko ulikuwa mkavu. Babu yake hakuwa ametania tangu asubuhi. Alikuwa akimwita kwa jina la marehemu kaka yake.

Sehemu zile haziko mbali na tiba kama watu wa mijini wanavyodhani. Ipo hospitali ya misheni Liuli, ipo nyingine Litembo juu milimani, ipo ya wilaya Mbinga. Mzee alifikishwa hospitali usiku, amelazwa ndani ya gari juu ya magunia ya dagaa. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo. "Shikamoo, babu," alisema, na alipokosa jibu alimfunua shuka kabla ya kumuuliza kijana lolote. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa gumu kama ngoma. Mpira ulikuwa umeziba, mkojo umerudi kwenye figo, na kilichokuwamo katika mkojo kimesukumwa mpaka kwenye damu.

Habari za damu iliyoingiliwa namna hiyo zimeandikwa katika nchi hii, na si za kufurahisha. Watafiti waliowachunguza watoto 1,828 waliolazwa Muhimbili, wakatoa taarifa yao mwaka 2007, walikuta bakteria katika damu ya karibu kumi na wanne katika kila mia. Kati ya watoto ambao bakteria wao walikuwa wa kundi liitwalo gramu hasi, ambamo E. coli na klebsiela wamo, walikufa zaidi ya arobaini na watatu katika kila mia. Waliokufa kwa malaria walikuwa ishirini katika mia. Tena dawa iliyotolewa isipolingana na bakteria aliyemo, hatari ilizidi. Wale walikuwa watoto, na wengi wao hawakuwa na mrija wowote walipoingia hospitali. Lakini hesabu hiyo yaonyesha uzito wa jambo ambalo vijijini hubebeshwa jina la malaria.

Mzee alitolewa damu ya kwenda kuoteshwa maabara, akatiwa antibayotiki kwa mshipa wa mkono, na mpira wa zamani ukatolewa. Jambo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa. Mtu aweza kufikiri kwamba dawa kali ingetosha, mpira ukabaki mahali pake. Haitoshi, kwa sababu mbili au tatu. Chembe nyeupe za damu huufikia utando zikashindwa kuumeza, kama mtu anayetaka kumeza ukuta. Dawa nazo nyingi huua bakteria wanaokua upesi, ilhali walio chini kabisa ya utando hukua polepole mno, wamekaa kama waliolala. Kuwaua huweza kuhitaji dawa mara mia, hata mara elfu, kuliko iwezayo kumfaa yule anayeogelea. Basi dawa huwafagia wasafiri walio katika damu, homa hushuka, mgonjwa huruhusiwa. Na siku chache baada ya dozi kwisha, mji uliobaki juu ya jiwe hutuma wasafiri wengine. Mwaka 1982 Costerton na wenzake walieleza habari ya waya wa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, uliotolewa kwa mgonjwa ambaye maambukizi ya damu yalikuwa yakimrudia. Chini ya hadubini ya elektroni waya ule ulionekana umefunikwa na bakteria katika tabaka juu ya tabaka za ute. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake yote. Haikuweza kufika nyumbani kwao.

Mpira wa mkojo hutolewa kwa dakika moja. Si vyote vilivyo hivyo. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na mtu wa Nyasa leo aweza kwenda huko akarudi na kifaa cha umeme kifuani. Vijana wanaoanguka na pikipiki hutiwa vyuma miguuni. Wenye figo zilizoshindwa huwekewa mrija wa shingoni wa kusafishia damu. Kwa hao utando ukishaanza, kung'oa kitu ni kupasua upya, na pengine kitu chenyewe ndicho kinachomweka mtu hai. Kwa hiyo ulinzi wao wote uko katika saa ile ya kwanza, kabla mashindano hayajaanza. Na hapo bei si hoja, kama ilivyoonekana Uganda: mwaka 2016 ilitolewa taarifa ya wanaume 302 wenye ngiri, ambao baadhi yao walishonewa wavu wa bei kubwa wa kiwandani na wengine wavu wa kitambaa cha chandarua uliokwisha kutakaswa. Matatizo hayakutofautiana. Mvuvi asingeshangaa, yeye huuliza wavu umetunzwaje.

Kadhalika Marekani, ambako hakuna upungufu wa vifaa, wagonjwa walikuwa wakifa kwa mirija ya mishipani mpaka Peter Pronovost na wenzake walipozitaka hospitali za jimbo la Michigan zifuate mambo matano: kunawa mikono, kujifunika barabara, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinenani, na kuuondoa kila mrija usiohitajiwa. Taarifa yao ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba katika miezi kumi na minane maambukizi yalipungua kwa kadiri ya theluthi mbili. Hakuna dawa mpya iliyobuniwa. Manne ya kwanza watu huyapenda, maana ni mambo ya kutenda. La tano huwa gumu, kwa sababu ni kuondoa, na mgonjwa huhesabu anachoondolewa kuwa ni tiba anayonyimwa.

Ndivyo ilivyokuwa siku ya tano, mzee alipokwisha kupata fahamu na kuanza kunywa uji. Muuguzi alikuja kuchomoa kanula mkononi mwake.

"Sista, mbona unaninyang'anya dripu?" mzee aliuliza. "Sijapona."

"Babu, sasa unameza vidonge na unakunywa maji. Hii haina kazi tena."

"Iache hivyohivyo. Kesho huenda ikahitajika."

"Kesho ikihitajika nitaweka nyingine. Wewe ni mvuvi. Mtumbwi usiokwenda kuvua huuacha majini?"

Mzee alinyamaza kidogo, akanyosha mkono. Baadaye alitaka kuuona mpira uliotolewa usiku ule. Ulikwisha kutupwa pamoja na taka za kuchomwa, lakini kijana alikuwa ameuona, akamweleza: mwishoni ulikuwa na ganda la rangi ya kijivu, gumu kwa nje, na chini yake ute. Mzee akauliza kama uliteleza. Kijana akasema hakuugusa. "Uliteleza," mzee akasema, kama aliyekuwapo.

Mpira mpya aliwekewa, maana tezi ilikuwa bado inabana. Safari hii tarehe ya kurudi iliandikwa kwenye karatasi, nayo ikabandikwa mlangoni, na fedha za nauli zikawekwa kando kabla ya nyuzi. Muuguzi alikuwa amemchukua kijana ukumbini akamwonyesha kitanda, mfuko na mrija, akauinua mfuko juu ili aone mkojo unavyogeuka na kurudi. Kijana hakusema neno. Jioni ile aliyofika nyumbani alipigilia msumari wa pili, chini, katika mguu wa kitanda, akafunga kipande cha turubai ili mfuko usiguse udongo, akawahamisha mbuzi.

Wiki tisa baadaye mzee alipasuliwa, na mpira ukatolewa siku chache baada ya hapo. Alipokojoa mwenyewe alimwita mjukuu wake aje asikie. Msumari wa juu ungali ukutani. Siku hizi unatundikwa kofia.